Faida isiyo na shamba

Baba mmoja alitunza akiba kwa miaka mitatu: faranga za kulipia shule ya watoto, na kidogo kwa mabati ya nyumba. Jioni moja jirani yake alikuja na noti mpya mkononi, akamwambia: «Nilitoa mia moja, nimepokea mia mbili. Nilingoja miezi mitatu tu.» Usiku ule baba huyo hakupata usingizi. Kulipopambazuka akamwambia mkewe: «Mama watoto, sisi tu wajinga. Fedha yetu yalala sandukuni, na ya wenzetu yazaa.» Mkewe akamwuliza neno moja tu: «Yazaa kwa kazi gani, baba?»

Ndugu wasomaji, swali la mama huyo lafaa kukumbukwa katika kila nyumba. Mkulima avuna mihogo, fundi ashona nguo, mwenye duka anunua samaki ziwani na kuwauza mjini. Faida yao twajua inakotoka. Lakini yule aliyemlipa jirani ana shamba gani? Ana duka gani? Mara nyingi hana hata moja. Fedha aliyompa jirani ni fedha ya mtu mwingine aliyeingia nyuma yake.

Werevu huu si mpya. Mwaka 1920, katika mji wa Boston huko Marekani, Mwitalia aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya nusu ya fedha yao kwa siku 45, na maradufu kwa siku 90. Alisema kwamba anunua hati za posta kwa bei ndogo katika Ulaya, na kuzibadilisha kwa bei kubwa katika Marekani. Maneno yalikuwa matamu, lakini hati zenyewe zilikuwa chache mno. Watu maelfu walimletea akiba zao, na wale wa kwanza walilipwa kweli. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikamatwa, kisha akafungwa. Alikufa mwaka 1949 katika hospitali ya maskini huko Rio de Janeiro, nchini Brazili.

Kwa nini mchezo huo hauwezi kudumu? Ninyi wanafunzi, chukueni kalamu mhesabu. Tuseme watu 10 wametoa fedha, kila mmoja kiasi kile kile, nao wameahidiwa maradufu baada ya miezi mitatu. Ili kuwalipa, yahitajiwa watu 20 wapya. Ili kuwalipa hao 20, yahitajiwa 40, kisha 80, na mwaka ukitimia, 160. Mwaka wa pili ukitimia yahitajiwa watu 2.560, wa tatu, 40.960, wa nne, 655.360, na wa tano, zaidi ya milioni 10. Watapatikana wapi?

Tena angalieni jambo lingine. Kumi na ishirini na arobaini ni sabini. Lakini kundi linalofuata ni watu themanini. Kila mara kundi la mwisho lapita makundi yote ya nyuma yakijumlishwa. Basi mchezo ukianguka siku yo yote, waliopotewa ni wengi kuliko waliolipwa. Na wengi wa hao waliolipwa walikwisha kuirudisha fedha yao ndani, kwa tamaa ya kupata zaidi.

Nasi katika Kongo twaijua habari hiyo. Nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, bei za vitu zilipanda mno, na mshahara haukumfikisha mtu mwisho wa mwezi. Mwaka 1991, huko Kinshasa, nyumba iliyoitwa Bindo Promotion, ya Michel Bindo, ilipokea fedha za watu kwa ahadi ya kuwarudishia mara nyingi zaidi kwa muda mfupi. Wengine wakaiga mchezo ule. Watu waliuza vyombo vya nyumbani ili wapate cha kuweka. Mwaka haukwisha kabla mambo yote hayajaanguka, na akiba za jamaa nyingi zikapotea. Tusiwacheke. Waliona fedha yao ikiyeyuka mikononi, waliona majirani wakilipwa, wakasadiki. Lakini kulipwa kwa jirani si ushahidi. Mvuvi hahesabu chambo kuwa hasara.

Mtu atauliza: «Je, na likelemba yetu ni mtego?» Hapana. Katika likelemba watu kumi wanajuana, kila mmoja atoa sawa na mwenzake, na kila mmoja apokea kwa zamu yake. Kilichoingia ndicho kinachotoka. Hakuna aliyeahidiwa faida.

Siku hizi mwaliko waja hata kwa simu, pamoja na picha za magari na majumba. Kabla ya kutoa faranga moja, fanya haya. Kwanza, uliza faida yatoka katika kazi gani; ukijibiwa kwamba ni siri, ondoka. Pili, uliza ruhusa. Katika Kongo, mabanki na vyama vya akiba hupata ruhusa kwa Banki Kuu ya Kongo. Kuandikwa katika daftari la biashara hakutoshi. Hiyo si ruhusa ya kupokea akiba za watu. Tatu, ukiahidiwa zawadi kwa kuwaleta rafiki zako, tambua kwamba sasa wewe ndiwe chambo. Nne, usitoe fedha ya nyumba pasipo shauri la mwenzako wa ndoa. Wengi walioangamiza akiba walifanya kwa siri, kisha haya iliwazuia kusema.

Na wewe uliyekwisha kunaswa, usijaribu kuipata fedha yako kwa kumwingiza ndugu yako. Machozi yako yasifutwe kwa nguo ya mwingine. Waambie wa nyumbani, tunza kila karatasi na kila ujumbe, upeleke mashtaka kwa wenye sheria.

Na yule baba? Alikwenda kwa jirani na swali la mkewe: «Fedha ile yazaa kwa kazi gani?» Jirani alifikiri kitambo, kisha akajibu: «Sikuuliza.» Baba akarudi nyumbani, na fedha ya shule ikabaki sandukuni.