Mbele ya kuamini namba, tuangalie kamba

Mwenzetu mumoja alivunjika mguu mu mugodi. Alikaa nyumbani miezi sita, akatembea na fimbo, kisha akaacha fimbo. Siku ya kurudi kazini walimupeleka kwanza kupimwa nguvu. Walimubebesha chuma cha kilo 40 ku mabega, wakamuambia achuchumae na asimame mbio. Pembeni kulikuwa kisanduku chenye kamba nyembamba iliyofungwa ku chuma, na tableti ya kuandika namba. Tableti iliandika 0,62.

Mwaka mbele ya ajali, na uzito ule ule, alikuwa na 0,80. Basi karatasi ikatoka: nguvu imeshuka karibu robo, apewe kazi nyepesi ya juu. Wachimbaji tunajua maana ya ile neno: prime ya chini imekwisha. Bibi yake ndiye alikuja kutuona sisi wa sendika, juu ya minervale ya watoto. Alituuliza: « Ba papa, kale kamashini kanajua muguu ya bwana yangu kunipita mie? »

Hatukuwa na jibu. Tukaomba kipimo kirudiwe, delege wawili wakiwa ndani.

Kwanza tulitaka kujua hii mashine inapima nini. Haipimi kilo, inapima mbio ya chuma: kimepanda metre ngapi kwa sekonde. Kilo zikiwa kidogo, chuma kinapanda mbio. Zikiongezeka, kinapanda polepole. Mu 2010, Wahispania wawili, González-Badillo na Sánchez-Medina, walionyesha kwa vijana wanaume 120, waliosukuma chuma wakilala ku benchi, kwamba uzito na mbio vinafuatana karibu sana. Kwa hiyo mutu anaweza kupimwa na kilo kidogo, bila kubebeshwa mpaka ashindwe. Kwa mutu anayetoka ku ajali, ile ni jambo nzuri. Hatupigane na mashine. Lakini mashine inaona paka ile unaionyesha.

Tulipoingia mu chumba, tuliona kisanduku kimewekwa ku ukuta, karibu na prizi ya umeme. Juu ya nini? Batri ilikuwa imechoka, haishike tena chaji, na waya wa chaji ulikuwa mufupi. Kwa hiyo kisanduku kilikaa metre moja mbali na chuma, na kamba ikaenda mushazari. Kumbe kamba inatakiwa kupanda wima.

Tulichukua karatasi, tukahesabu. Chuma kikitoka metre 1 toka chini na kufika metre 1,50, kimepanda sentimetre 50. Lakini kamba inayovutwa toka metre moja pembeni inatoka sentimetre 39 tu. Wakati ni ule ule, njia inaonekana fupi, mbio inaandikwa ndogo. Mutu wa 0,80 anakuwa wa 0,62. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Batri ilikufa, na mutu mumoja alitaka kulipa.

Tukatafuta ralonji, kisanduku kikawekwa chini kabisa ya chuma. Mwenzetu akachuchuma, akasimama: 0,77. Mara ya pili: 0,78. Alipoteza kiloko, ndiyo, lakini si robo. Namba peke yake haionyeshi kama mufupa umepona. Daktari aliuangalia mguu wenyewe upya. Karatasi ya kwanza ikafutwa, na wiki iliyofuata alishuka na ekipe yake.

Ile tulijifunza, tunawaachia:

Mashine ya kamba: batri iwe na chaji, kisanduku kiwe chini ya chuma, kamba isiguse mutu wala nguzo.

Mashine ya kufunga ku mukono: ifungwe nguvu, kila mara pahali pale pale. Inahesabu mbio kwa kufuata mutikisiko. Basi mutu asimame kimya kidogo mbele ya kuanza, la sivyo inaanza vibaya.

Simu ya kupiga picha: vijana wetu mu cité wanaitumia sana. Simu isimame imara, itazame chuma toka pembeni. Programu nyingi zinafikiri gurudumu la chuma lina upana wa sentimetre 45, kama yale ya mashindano. Yetu yamekatwa mu atelye. Kama lako lina 50, andika 50 mu programu; la sivyo mbio itapunguka kwa sehemu moja ya kumi.

Namba zikikatika katikati: pengine Bluetooth imeshikwa na simu ingine. Zima ile ingine, kisha uunganishe upya.

Aina ya namba: kuko mbio ya wastani na mbio ya juu kabisa. Usilinganishe ya mwaka jana ya wastani na ya leo ya juu kabisa. Kwa chuma kimoja, ya juu kabisa inapita siku zote.

Bandugu, wakikupima kisha ajali, mbele ya kusaini uliza mambo matatu: mashine ni ile ile ya zamani? Uzito na aina ya namba ni vile vile? Nani aliangalia kamba na batri? Ukikosa jibu, uite delege yako siku ile ile. Na ninyi ba mama, mukumbushe ba bwana nyumbani. Ukisha kusaini, kazi ya kurudisha jambo nyuma inakuwa ndefu. Kusogeza kisanduku kulitukamata dakika mbili.