Nishani za Mahujaji wa Canterbury

Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliuawa kwa panga ndani ya kanisa lake tarehe 29 Desemba 1170 na wapanda farasi wanne wa Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, na haikutimia miaka mitatu Papa Alexander wa Tatu akamtangaza kuwa mtakatifu. Mahujaji wakamiminika kaburini kwake, matajiri kwa mafukara, na hapana aliyeridhika kurejea kwao mikono mitupu.

Hapo awali walichukua vichupa vya madini vyenye maji ambayo, kwa itikadi yao, yalichanganyika na damu ya shahidi, wakavitundika shingoni. Baadaye zikaenea nishani za kushonewa kofiani au kubanwa kwenye joho, zenye kichwa cha askofu, au upanga uliomuua, au jahazi lililomrudisha kutoka uhamishoni Ufaransa. Kazi yenyewe ilikuwa sahali: fundi alichonga sura kinyumenyume katika jiwe, akalifanya kalibu, kisha akamimina risasi iliyochanganywa na bati, ambayo kwa kuwa huyeyuka kwa moto mdogo haikumlazimu kuwa na tanuri kubwa, na kalibu ile ile ikamsubia nishani moja baada ya nyingine. Kwa hiyo bei ilikuwa hafifu, nami sioni kwamba uhafifu huo uliipunguzia heshima, kwani hujaji aliigusisha nishani yake kwenye kaburi, akayakinisha kwamba baraka imehamia humo, akaenda nayo nyumbani iwe kinga ya maradhi.

Palipo na chumo hapakosi mwenye kulidai: huko Roma, mwaka 1199, Papa Innocent wa Tatu aliwapa makasisi wa kanisa la Mtakatifu Petro haki ya kusubu nishani za Petro na Paulo.

Mwaka 1538 Mfalme Henry wa Nane aliamuru kaburi la Becket livunjwe, dhahabu na vito vikaingia hazinani mwake; nishani za risasi hakuna aliyejisumbua kuzikusanya. Nyingi zimeokotwa katika matope ya mto Thames maji yakupwapo, na baadhi yake zimechorwa kaburi lenyewe, pamoja na kijisanamu kinachoelekeza kidole kwenye yakuti kubwa ambayo yasemekana ilikuwa hiba ya mfalme wa Ufaransa. Mwanahistoria atakaye kujua umbo la kaburi lile hana budi kuzirejea nishani hizo, na vioo vichache vya rangi vilivyosalia katika madirisha ya kanisa.