Mche ukigeuka njano, uulize udongo kwanza

KATIKA miji ya Mbeya na Iringa, na katika vijiji vinavyoizunguka, ni nadra siku hizi kupita uani mwa nyumba usikute miche iliyopandwa katika viriba, makopo ya rangi au ndoo zilizopasuka. Mingine ni ya parachichi aina ya Hass, iliyokwisha kubebeshwa na inayongoja mvua za Novemba ili ihamishiwe shambani. Mingine ni ya ndimu, pilipili au mawaridi ya mama wa nyumba.

Kwa familia nyingi, miche hiyo si pambo tu. Parachichi la Nyanda za Juu Kusini limekuwa zao lenye soko nje ya nchi, na mwezi Novemba 2022 Tanzania na China zilitiliana saini makubaliano ya kufungua njia ya tunda hilo kuuzwa huko. Mzazi anayenunua miche 20 iliyobebeshwa anatarajia kuona matunda ya kwanza baada ya miaka mitatu au minne, na mara nyingi ada ya shule ya mtoto imo katika hesabu hiyo. Kwa Muislamu kuna na faida nyingine, kwani Mtume Muhammad (S.A.W) ametufundisha kuwa mti aliopanda mtu, kila anapokula humo binadamu, ndege au mnyama, aliyeupanda huandikiwa sadaka.

Ndiyo maana huzuni huwa kubwa pale majani yanapoanza kugeuka njano mmoja baada ya mwingine. Na aghalabu jambo la kwanza tunalolifanya ni kukimbilia jagi la maji. Kwa hakika, hapo ndipo miche mingi inapouawa na mkono uliokusudia kuiokoa.

Kiu na mafuriko vina sura moja

Mizizi haihitaji maji peke yake, bali huhitaji pia hewa. Katika udongo mzuri mna vijitundu vidogo vidogo, vingine vikishika maji na vingine vikipitisha hewa. Udongo unapolowa siku zote, vijitundu vyote hujaa maji na mizizi hukosa pumzi. Ikishakosa pumzi huanza kufa, na mizizi iliyokufa haiwezi kunyonya hata tone moja. Matokeo yake ni kwamba majani hunyauka kwa kukosa maji, ilhali shina limesimama katika tope. Mwenye mche huona dalili za kiu, huongeza maji, na maradhi huzidi.

Parachichi ni dhaifu zaidi katika jambo hili. Mizizi yake inayolisha mti hukaa juu juu, na ina vinyweleo vichache mno. Isitoshe, katika udongo uliotuama maji huishi kimelea kinachofanana na kuvu, ambacho wataalamu hukiita Phytophthora cinnamomi. Kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kutoka katika miti ya mdalasini kisiwani Sumatra, na jina lake la pili limetokana na mti huo. Leo kinajulikana duniani kote kuwa adui mkubwa wa mizizi ya parachichi. Mbegu zake huogelea ndani ya maji ya udongo kutoka mzizi hadi mzizi, kwa hiyo anayemwagilia kupita kiasi anakitengenezea njia.

Basi kabla ya kumimina maji, uulizwe udongo. Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Ukihisi ubaridi na udongo ukakugandia, usimwagilie siku hiyo. Ukiwa mkavu hadi huko chini, mche una kiu kweli. Njia ya pili ni kuunyanyua mche siku ulipomwagiliwa na kuunyanyua tena baada ya siku mbili au tatu. Mkono hujifunza haraka tofauti ya uzito, na baada ya wiki mbili hata mtoto wa darasa la nne ataweza kusema ni kiriba kipi kinahitaji maji.

Saa nayo ina ushahidi wake. Mche unaolegea adhuhuri kwa jua kali kisha ukasimama jioni hauna maradhi. Unaoamka asubuhi ukiwa umelegea ndio wa kuangaliwa. Ikiwa udongo wake ni mkavu, upe maji. Ikiwa umelowa, vuta kiriba taratibu utazame mizizi. Iliyo hai huwa myeupe au ya rangi ya maziwa na ni migumu, iliyooza huwa ya hudhurungi au nyeusi, hukatika ukiigusa na hutoa harufu ya uvundo.

Kuyasoma majani

Si kila njano inatokana na maji. La kutazamwa kwanza ni mahali rangi ilipoanzia, kwa sababu mmea una tabia ya kuhamisha baadhi ya vyakula kutoka majani ya zamani kwenda machanga, na vingine hauwezi kuvihamisha.

Njano inayoanzia majani ya chini, jani zima likipauka sawasawa, aghalabu ni upungufu wa naitrojeni. Mche umekaa muda mrefu katika kiriba na umekwisha kula chakula kilichokuwemo. Samadi iliyoiva vizuri, kiasi cha konzi moja juu ya udongo, husaidia. Njano iliyo kati ya vishipa katika majani hayo hayo ya chini, huku vishipa vikibaki kijani, huashiria upungufu wa magnesiamu.

Njano inayoanzia majani machanga ya juu, vishipa vikiwa kijani kama wavu, ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni lakini mizizi haiwezi kukichukua, ama kwa sababu udongo umetuama maji, ama kwa sababu umetiwa majivu mengi ya jikoni. Majivu kidogo yana manufaa, lakini yakirundikwa kila wiki katika kopo dogo hupunguza uchachu wa udongo na kukifunga chuma hicho.

Kingo za majani zinazokauka na kuwa hudhurungi huwa na sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni chumvi nyingi, itokanayo na mbolea ya dukani iliyozidi au kinyesi cha kuku kilichotiwa kikiwa kibichi. Ya pili ni upepo mkavu na kiu ya kurudia rudia. Mabaka meupe upande wa juu wa jani ni kuungua kwa jua, na huutokea mche uliotolewa kivulini ukawekwa juani siku hiyo hiyo. Vidoadoa vidogo vya kupauka, pamoja na utando mwembamba chini ya jani wakati wa kiangazi, ni kazi ya utitiri mwekundu.

Rangi ya zambarau katika miche ya nyanya au mahindi mwezi Juni na Julai isikutishe upesi. Baridi huizuia mizizi kuchukua fosforasi hata pale ilipo ya kutosha, na jua likirejea, majani mapya hutoka na rangi yake. Lakini majani yaliyogeuka meusi usiku mmoja katika mabonde ya Mufindi yamepigwa na jalidi, ule umande ulioganda. Miche ya huko isogezwe ukutani au ifunikwe kwa nyasi jioni.

Kipimo cha maji hufuata majira

Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Juni hadi Agosti ni baridi kavu. Mjini Mbeya, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, joto la usiku katika miezi hiyo hushuka chini ya nyuzi 10. Septemba na Oktoba huja jua kali. Mahali napo hupishana, kwani Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali mji wa Iringa haupati hata nusu ya kiasi hicho. Udongo mwepesi wa majivu ya volkano kule Rungwe hupitisha maji haraka, na ule mwekundu wa mfinyanzi unaochotwa sehemu nyingi za Iringa hushikamana ndani ya kiriba kama tofali.

Kwa hiyo mazoea ya jagi moja kila siku, mwaka mzima, hayawezi kuwa sahihi. Mche ule ule uliohitaji maji kila siku mwezi Oktoba unaweza kukaa siku nne au tano mwezi Julai bila kudhurika. Katika baridi, mwagilia asubuhi jua likishachomoza, ili udongo usilale na maji ya ubaridi.

Kuna na jambo la nyumbani ambalo husahaulika. Mama humwagilia alfajiri, mtoto akitoka madrasa humwagilia tena, na baba jioni, akidhani wote wamesahau, huongeza ndoo. Kila mmoja ana nia njema, na mche umezama. Kazi hii apewe mtu mmoja, na wengine wamuulize yeye.

Tusisahau pia kwamba israfu imekatazwa hata katika maji ya udhu. Maji hayo hayana sabuni, na yakikusanywa katika beseni yanatosha miche ya barazani.

Tiba na mipaka yake

Mche uliozama usipewe mbolea, kwani mizizi mgonjwa haiwezi kuila. Acha maji, uweke kivulini chepesi, na uinue juu ya matofali ili matundu yapumue. Kama kopo halina matundu, litoboe chini. Kokoto peke yake haziokoi kopo lisilo na tundu, kwa sababu maji hayana pa kutokea. Mizizi michache ikiwa imeoza, ikate kwa kisu safi na uhamishie mche katika udongo mpya, kwa mfano sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyoiva.

Mche uliokaushwa kabisa nao una hila yake. Udongo hujikunja na kuachana na kiriba, maji hupita pembeni na kutoka chini, nawe ukadhani umeshiba ilhali moyo wake ni mkavu. Uweke ndani ya beseni la maji kwa nusu saa hadi mapovu yakome, kisha uuache uchuruzike.

Fanya tiba moja kwa wakati mmoja na usubiri wiki mbili. Jani lililokwisha kukauka halirudi, hivyo tazama majani mapya yanayochipua.

Na iko miche isiyofaa kuokolewa. Wa parachichi ambao mizizi yake yote ni myeusi na shina limeoza chini, usiupeleke shambani hata kama uliununua kwa fedha nyingi. Kile kimelea husafiri na udongo wa kiriba, na kikishaingia katika ardhi hukaa kwa miaka mingi na kuidhuru miti mingine iliyo mizima. Uchome moto pamoja na kiriba chake, na udongo wake usiuchanganye na mwingine. Kabla ya kununua mingine, tazama kama kitalu kinaweka miche juu ya chanja au kokoto badala ya kwenye tope, na umwombe muuzaji akuoneshe mizizi ya mche mmoja. Afisa ugani wa kata yako, au wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole mkoani Mbeya, wanaweza kukushauri pale dalili zinapochanganyika. Uende na mche wenyewe, pamoja na udongo wake, ukiwa umefungwa vizuri ndani ya mfuko ili usimwage udongo huo njiani.