Sassnitz: Mji wa bandari unaoyumbishwa na siasa za mbali

Kwa zaidi ya miaka mia moja, vivuko viliuunganisha mji mdogo wa Sassnitz, katika kisiwa cha Ujerumani cha Rügen, na Sweden. Safari hizo za kihistoria zilikoma mwaka 2020, na mzozo uliofuata unahusu gesi.

Watalii huja Sassnitz hasa kwa ajili ya miamba myeupe ya chaki inayosimama wima juu ya Bahari ya Baltiki. Bandari yake, hata hivyo, ina historia nzito kuliko ukubwa wa mji wenyewe. Julai 1909 ilianzishwa huduma ya vivuko vya treni hadi Trelleborg, kusini mwa Sweden: mabehewa yaliingizwa melini yakiwa juu ya reli, na kuvushwa takriban kilomita 110. Aprili 1917 Lenin alipita hapa akirejea Urusi kutoka Uswisi, kwa ridhaa ya Ujerumani iliyotaraji kuwa angeidhoofisha Urusi vitani.

Mwaka 1986 Ujerumani Mashariki ilifungua bandari nyingine, Mukran, kilomita chache kusini mwa mji. Lengo lilikuwa kuikwepa Poland, ambako vuguvugu la wafanyakazi la Solidarność lilikuwa limeutikisa utawala wa kikomunisti. Mizigo ilivushwa moja kwa moja hadi Klaipėda, Lithuania, wakati huo sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Kwa kuwa reli za Kisovieti ni pana zaidi, milimita 1,520 badala ya 1,435, Mukran ilitandikiwa za aina zote mbili. Miaka mitano baadaye, Umoja wa Kisovieti ukasambaratika.

Vivuko vya Sweden vilihamia Mukran mwaka 1998, na bandari ya zamani ikabakia kwa wavuvi na mashua za watalii. Mwaka 2020, mbali na kukoma kwa safari za Trelleborg, maseneta watatu wa Marekani waliitishia bandari hiyo vikwazo kwa kuhifadhi mabomba ya mradi wa Nord Stream 2, uliokusudiwa kuleta gesi ya Urusi.

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ya Ujerumani iliichagua Mukran kupokea gesi ya kimiminika kutoka ng'ambo, na kituo hicho kikaanza kazi mwaka 2024. Berlin ilitaja usalama wa nishati. Wapinzani, hasa katika mji jirani wa Binz unaoishi kwa utalii, walihoji haja yenyewe ya kituo hicho na kuhofia bahari yao. Binz iko kwenye ghuba hiyo hiyo.