Ngoma yako iko YouTube, lakini iko kwenye akaunti ya nani?

Ukipita stendi ya Ifakara mchana unaweza kusikia ngoma tatu kwa wakati mmoja. Moja inatoka kwenye spika ya bodaboda, nyingine kwenye kibanda kinachojazia watu nyimbo kwenye memori kadi, ya tatu kwenye simu ya abiria anayesubiri gari la Mlimba. Baadhi ni za vijana wa hapahapa bonde la Kilombero. Muulize mwenye wimbo ameingiza shilingi ngapi mtandaoni, mara nyingi utajibiwa kwa kicheko.

Wengi watakwambia mtandao unalipa kidogo. Ni kweli, na tutafika huko. Ila kuna swali linalotangulia: wimbo ulipandishwa kwenye akaunti ya nani?

Mambo huwa yanaenda hivi. Msanii hana kompyuta, na bando lake la wiki halitoshi kupandisha video nzito. Amemaliza kurekodi, prodyuza anamwambia, "Tuiweke kwenye chaneli yangu, tayari ina watu." Wanakubaliana kwa mdomo, wimbo unatoka siku hiyohiyo, msanii anasambaza linki kwenye magrupu. Miezi sita baadaye ngoma imeshika, na hela ya matangazo, kama ipo, inaingia kwa mwenye chaneli. Wala si lazima awe mwizi. YouTube haijui nani alisimama mbele ya maiki. Inamjua mwenye akaunti.

Sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi hata kama hajasajili kazi yake popote. Lakini sheria hiyohiyo inatambua pia haki za aliyetayarisha rekodi. Sasa kama studio ilikurekodi bure "kwa ushkaji", hakuna risiti wala karatasi, kesho mkigombana kila mmoja atakuwa na cha kusema. Ndiyo maana risiti ya Sh30,000 ya studio inaweza kuwa na thamani kuliko watazamaji 30,000.

Tusidhani haya ni ya wasanii wadogo tu. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi mwaka 2019 alisema hadharani kwamba mkataba ulimtaka alipe Sh500 milioni ili awe huru. Yeye walau alikuwa na mkataba wa kusoma.

Kwa hiyo anza na akaunti yako mwenyewe, hata kama ina watu 12. Prodyuza mwenye chaneli kubwa anaweza kukutangaza kwa kipande cha video chenye linki inayorudi kwako.

Halafu tuongee hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana. Ili YouTube ianze kukugawia mapato ya matangazo, chaneli inahitaji watu 1,000 waliosabskraibu na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama wimbo wako una dakika nne na kila mtu anautazama mpaka mwisho, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Wakiishia katikati, mara 120,000. Na huko ni kufika mlangoni tu, bado hujalipwa.

Ukishaingia, pesa haitumwi mpaka ifike dola 100, kama robo milioni ya shilingi. Kabla ya hapo, ukifikisha dola 10, Google wanakutumia barua yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako. Barua ya karatasi, ya posta! Mara yako ya mwisho kufungua sanduku la barua ni lini? Kijana wa Kibaoni au Viwanja Sitini ambaye hana S.L.P. anaomba ya shule, ya parokia au ya ofisi ya mjomba, halafu anapita kila wiki kuuliza. Usipothibitisha ndani ya miezi minne, matangazo yanasimamishwa. Panga hilo mapema, kabla hujatoa ngoma ya pili.

Boomplay, Spotify, Audiomack na kadhalika zina njia yake. Spotify haipokei wimbo moja kwa moja kutoka kwa msanii, unapitia kampuni za usambazaji kama DistroKid, TuneCore au CD Baby. Wengine wanatoza ada ya mwaka, wengine wanakata asilimia. Soma hapo vizuri, kwa sababu kwa baadhi ya wanaotoza kwa mwaka, ukiacha kulipa nyimbo zako zinaweza kuondolewa. Spotify nao, tangu 2024, wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi kitu. Hapa pia jina kwenye akaunti liwe lako, au la mtu mliyeandikishana naye.

Jambo jingine ni biti. Ile biti ya "bure" uliyoichukua YouTube ina mwenyewe, na huenda imeuzwa kwa watu wengine 40. Siku wimbo wako ukianza kutembea, mfumo wa kutambua sauti unaweza kuudai kwa niaba ya mtu usiyemjua. Afadhali biti rahisi iliyotengenezwa hapo mtaani, yenye makubaliano.

Vipi wale wa memori kadi? Wimbo unaojazwa kwenye simu kwa shilingi mia kadhaa haumletei msanii hata senti, na kwa vijiji ambako intaneti inasuasua, huko ndiko wasikilizaji wengi waliko. Mimi sioni faida ya kuwakimbiza wenye vibanda. Waimbaji wa nyimbo za asili za Kisukuma walishaelewa mchezo huu, na muziki wao umefika hadi Kilombero pamoja na wafugaji waliohamia bondeni. Video nyingi ziko kwenye chaneli za wapiga video, lakini namba ya simu ya mwimbaji imeandikwa palepale kwenye picha. Video kwao ni bango, hela iko kwenye harusi na sherehe za baada ya mavuno. Kwa msanii wa Ifakara, mpunga ukishavunwa na msimu wa miwa umeanza, shoo mbili zinaweza kuzidi mapato ya YouTube ya mwaka mzima.

Redio nayo usiisahau. Vituo vinavyopiga muziki vinatakiwa kulipia, na COSOTA ndiyo iliyokuwa ikikusanya. Januari 2022 iligawa mirabaha ya zaidi ya Sh300 milioni. Kazi isiyosajiliwa haina njia ya kuingia kwenye mgao wa aina hiyo.

Kuhusu ile karatasi na prodyuza, haihitaji Kiingereza. Andikeni jina la wimbo, tarehe, nani katunga, nani katengeneza biti, nani kalipia, utapandishwa kwenye akaunti gani na mapato mtagawana vipi. Msaini mbele ya shahidi, kila mmoja abaki na nakala na aipige picha.

Na linda akaunti yenyewe. Aprili 2022 chaneli ya Diamond Platnumz, msanii wa kwanza Afrika kusini mwa Sahara kufikisha watazamaji bilioni moja YouTube, ilidukuliwa na kutoweka kwa muda. Yeye alirudishiwa. Wewe washa uthibitisho wa hatua mbili leo, na hakikisha laini inayopokea namba za siri imesajiliwa kwa NIDA yako. Kama imesajiliwa kwa jina la shemeji aliyehamia Makambako, simu ikiibwa huwezi kurudisha laini bila yeye, na bila laini unaweza kupoteza na chaneli.