Kambi za Nyasi Katika Bonde la Luangwa

Katika bonde la mto Luangwa, upande wa mashariki wa nchi ya Zambia, zipo nyumba ambazo hujengwa kila mwaka mvua ikiisha, na kubomolewa kila mwaka mvua inapokaribia. Hazina msingi wala bati. Kuta zake ni miti na matete, mapaa yake ni nyasi, na bafu lake ni ndoo yenye matundu iliyotundikwa juu. Walakini watu hutoka Ulaya na Marekani wakalipa mamia ya dola kwa usiku mmoja, wapate kulala humo. Mwalimu wa shule akisikia bei hiyo atatikisa kichwa, naye ana haki. Lakini tuulize kwanza wageni hao wanafuata nini, kisha tuulize fedha yao inaishia wapi. Swali hili la pili latuhusu sana sisi watu wa Kongo, tulio na mapori yetu ya Upemba na Virunga.

Jambo hili lilianza mwaka 1950, nchi ilipokuwa bado ikiitwa Rodezia ya Kaskazini. Mzungu mmoja, jina lake Norman Carr, aliyekuwa ofisa wa serikali wa kulinda wanyama, alimwendea Chifu Nsefu wa kabila la Wakunda. Siku zile mgeni aliyekuja porini alikuja na bunduki, akaondoka na pembe. Carr alimweleza chifu kwamba wako watu watakaolipa ili wamwone mnyama tu, kisha wamwache aende zake. Chifu akakubali, akatenga sehemu ya nchi yake, kambi ikajengwa, na mapato yakaingia katika hazina ya watu wake. Angalieni vema: ardhi ilikuwa ya Wakunda, nao ndio waliopokea malipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Carr akaanza pia kuwatembeza wageni kwa miguu, badala ya kuwazungusha katika gari. Mwaka 1972 serikali ya Zambia ilitangaza hifadhi ya taifa ya Luangwa ya Kusini, yenye kilometa za mraba 9,050.

Sasa tufuate siku moja ya mgeni. Huamshwa kabla ya mapambazuko, hunywa chai karibu na moto, na jua linapochomoza tayari yuko njiani. Mbele hutangulia askari wa wanyama mwenye bunduki. Nyuma yake yuko kiongozi, kisha wageni wachache, mmoja nyuma ya mwingine kama watoto wa shule waendao shambani, na mwisho yuko mtu aliyebeba birika na vikombe. Hakuna kupiga kelele, hakuna kuvaa nguo nyeupe, na zaidi ya yote hakuna kukimbia. Kiongozi akiinua mkono, wote husimama kimya. Watoto wadogo hawachukuliwi katika matembezi hayo, maana mtoto akishikwa na hofu hukimbia, na akimbiaye huamsha hamu ya simba.

Mtu wa mjini hudhani kwamba bunduki ndiyo inayomlinda. Sivyo. Kinachomlinda ni elimu ya kiongozi. Kazi hiyo haipati kila mtu; nchini Zambia sharti afaulu kwanza mitihani ya kuandika na ya porini, nayo yasifiwa kwa ugumu wake. Anajua upepo unatoka wapi, maana nyati akinusa harufu ya watu mambo hubadilika mara moja. Anatazama mavi ya tembo kama yana unyevu au yamekauka. Anasoma nyayo za mchangani: huyu ni chui, alipita usiku, kwa kuwa umande umeanguka juu ya alama zake. Babu zetu walijua masomo hayo bila kitabu, na wengi wetu tuliosoma sana tumeyasahau. Sioni aibu kusema kwamba mzee mwindaji wa kijijini angemshinda mwanafunzi wa chuo kikuu katika mtihani huo.

Jua likiwa kali wote hurudi kambini. Mwezi wa kumi joto la bonde hilo laweza kufikia nyuzi 40, na mbung'o huuma hata juu ya nguo. Mto unakuwa umepungua, ukaacha madimbwi ambamo viboko hujazana bega kwa bega, na katika kuta za udongo za kingo zake hutoboa mashimo maelfu ya ndege wekundu walao nyuki.

Usiku ndipo mgeni anapoelewa amelala wapi. Kambi haina ua. Tembo hupita kati ya vibanda, na kiboko hutoka majini kula majani karibu na ukuta wa matete. Kwa hiyo baada ya chakula hakuna mgeni atembeaye peke yake; mlinzi humsindikiza kwa taa mpaka mlangoni, naye hatoki tena hadi asubuhi. Matunda hayawekwi chumbani, maana pua ya tembo haidanganyiki. Katika nyumba moja kubwa ya wageni karibu na Mfuwe, tembo wamezoea kupita ndani kabisa, mbele ya meza ya mapokezi, waifikie miembe ya porini iliyo uani.

Si wanyama wote waliosalia. Faru weusi, waliokuwa wengi sana bondeni, waliuawa na majangili kwa ajili ya pembe zao, hata mwaka 1998 Zambia ikatangaza kwamba hawako tena nchini. Mwaka 2003 waliletwa 5 kutoka Afrika Kusini, wakawekwa katika hifadhi ya Luangwa ya Kaskazini chini ya ulinzi mkali.

Turudi kwenye fedha. Kambi hizo huwapa kazi wapishi, wafua nguo, madereva, walinzi na waongozaji, na wengi wao ni wazaliwa wa bonde. Mshahara wa mpishi mmoja hulipa karo na dawa za jamaa nzima. Hilo ni jema, tusilidharau. Lakini kazi nyingi za kambi za nyasi ni za miezi sita hivi. Mvua ikianza mwezi wa kumi na moja, njia hugeuka matope, mto hufurika, matete na miti huondolewa, na wafanyakazi wengi hurudi vijijini kulima.

Na huko kijijini ndiko tembo yule yule aliyepigwa picha anakokuja kula. Mahindi hukomaa wakati wa mvua, mgeni akiwa kwao. Mkulima hujenga dungu shambani, akakesha humo na wanawe. Wengine husaga pilipili, huichanganya na mavi ya tembo, hukausha matofali yake na kuyachoma, ili moshi mkali uwafukuze. Mara nyingi hufaulu. Mara nyingine, asubuhi, chakula cha mwaka mzima kimelala chini kimekanyagwa, na mwenye shamba haruhusiwi kumgusa mnyama.

Kwa hiyo mtu akiuliza kama kambi hizi ni kitu chema kwa Wakunda, asiwatazame wapishi wa mwezi wa nane wakiwa na sare zao safi. Aende mwezi wa tatu, apande katika dungu pamoja na mkulima, amwulize kama katika dola zile za usiku mmoja amewahi kuonja hata moja. Katika nyumba nyingine atajibiwa kwamba ada za shule zimelipwa na kisima kimechimbwa. Katika nyingine ataonyeshwa shamba tupu. Chifu Nsefu alikubali kutenga nchi yake kwa sababu malipo yalirudi kwa watu wake, na wanaolala katika madungu hayo leo bado wanayahesabu.