Leseni ya lori: Chagua usukani kabla ya cheti

Na Mwandishi Wetu

Kijana anayetaka kuendesha malori ya mizigo kutoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia au Kongo huulizia kwanza bei ya mafunzo, kisha siku zitakazotumika. Swali la tatu, ambalo ndilo lenye uzito, huwa halifiki: ni saa ngapi atakaa mwenyewe kwenye usukani wa lori?

Kwa utaratibu wa hapa nchini, shule ya udereva haitoi leseni. Mwanafunzi huanza na leseni ya kujifunzia, husoma na kupewa cheti, hutahiniwa na askari wa usalama barabarani, ndipo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) humtolea leseni. Daraja D, ambalo wengi huanza nalo, ni la magari madogo. Malori yanahitaji daraja E.

Kwa kuwa leseni ni ile ile popote uliposoma, wengi huona hakuna haja ya kuhangaika na chuo. Hapo ndipo wanapokosea.

Chukua mfano wa shule yenye lori moja na wanafunzi 20. Lori hilo likifanya kazi saa nane kwa siku bila kusimama, kila mmoja anapata dakika 24. Kwa siku kumi za mafunzo, hizo ni saa nne tu, na hapo hatujahesabu muda wa kujaza mafuta wala wa kubadilishana viti.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, nenda ukalione lori lenyewe. Je, lina trela? Kurudi nyuma na trela ni kazi tofauti kabisa, kwani ukitaka trela liende kushoto, usukani unaanza kuuzungusha kulia. Aliyejifunzia lori fupi ataumbuka siku ya majaribio kwenye yadi ya mwajiri, hata kama leseni yake ni halali.

Uliza pia kuhusu breki za upepo. Dereva anayeteremka Kitonga, mkoani Iringa, au Iwambi, Mbeya, akitegemea breki za miguu peke yake, huzichemsha hadi zikashindwa kushika. Anapaswa kuingiza gia nzito kabla ya kuanza mteremko, kwani katikati ya mlima gia hiyo inaweza isikubali kuingia. Jambo hili halifundishwi ubaoni likaeleweka, na wanaoumia si madereva peke yao.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), Mabibo, pamoja na vyuo vya VETA, ni vya umma, na cheti chake ni rahisi kuthibitishwa. Zipo shule binafsi zinazofundisha vizuri pia, lakini hakikisha imesajiliwa, na mwalimu awe amewahi kuendesha safari ndefu.

Wako pia vishoka wanaoahidi leseni bila darasa. Mbali na kuwa ni kosa la jinai, leseni hiyo haimsaidii mtu mbele ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na ambayo miongoni mwa majukumu yake ni kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara.

Kwa asiye na fedha za kutosha, ni afadhali aanze kama utingo huku akiweka akiba. Atajifunza kufunga mizigo, kukagua matairi na kupita mizani, na atakapofika chuoni, dakika zake zote zitakuwa za usukani.